Swali la Shangazi Halina Wizara

Shangazi hakuacha kugeuza dagaa.

Ilikuwa Jumanne moja ya Mei, saa tatu na nusu asubuhi, jua limekwisha panda juu ya mawe. Simu yake ya batani alikuwa ameitumbukiza ndani ya kopo tupu la rangi ili sauti ya redio itoke kubwa, kopo akaliegemeza mguuni mwa chanja. Bunge la Bajeti lilikuwa kwenye maswali na majibu. Kwenye chanja za jirani kulikuwa na wanawake wengine watano, kila mmoja na dagaa wake, na hakuna aliyekuwa akisikiliza hasa mpaka jina la kata yetu lilipotajwa.

Hapo mikono ikasimama. Ya kwangu pia, ingawa mimi nilikuwa mgeni tu pale. Nilikuwa nimekuja kwenye arobaini ya jirani, nikapewa fimbo ya kufukuza kunguru.

Mbunge aliuliza ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta. Naibu Waziri akasimama kujibu kwa niaba ya Waziri. Akatambua juhudi za wananchi. Akampongeza Mbunge kwa ufuatiliaji. Akaeleza habari za maboma ya nchi nzima, kisha akasema Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana.

Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Jina letu limesomwa Dodoma!

Shangazi akashika tena dagaa wake, akauliza bila kuinua macho:

"Amesema lini?"

Tulitazamana. Sote sita tulikuwa tumesikia jibu zima, sauti ilikuwa safi, wala kunguru hawakupiga kelele. Na hakuna aliyeweza kumjibu.

Wiki kumi zimepita. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo.

## Kwa nini sikitaji kijiji

Zahanati tunayoitegemea ina muuguzi mmoja. Nikikitaja kijiji nimemtaja yeye, na yeye hana kosa lolote. Zipo siku analala kwenye benchi la wajawazito ili mgonjwa wa usiku asimkose.

Anayeijua mialo ya mkoa wa Mwanza atajazia mwenyewe. Mawe, mchanga, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, vibanda vya mabati, na ng'ambo ya ghuba paa moja linalometa. Paa hilo ndiyo zahanati. Kwa mtumbwi wa injini, ziwa likiwa limetulia, ni nusu saa. Kwa miguu unazunguka mafunjo, na masika yakishika njia hiyo haipo kabisa.

Boma letu liko upande wa huku, juu ya kilima. Kila kaya ilichanga. Wanawake walibeba mchanga na maji, vijana wakaponda kokoto, fundi akalipwa nusu fedha nusu samaki. Lilipofika kwenye lenta likasimama hapo hapo. Zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata: maneno haya tumekua tukiyasikia, na kuta zile tulizipandisha kwa sababu tuliyaamini.

Ndani ya chumba ambacho kwenye mchoro ni cha kujifungulia umeota mpapai. Siku ile ya Mei ulikuwa umekwisha zipita kuta kwa urefu.

## Karatasi mbili

Nina steshenari Kirumba, Mwanza mjini, hatua chache kutoka Mwaloni, soko ambako dagaa wa shangazi hufikia kabla ya kupakiwa kwenye malori ya kwenda mbali. Nachapa barua za watu, fomu za mikopo, hati za kuuziana viwanja. Miaka yote hii imenifundisha kusoma karatasi kwa namna moja. Mtu akiniletea mkataba, kabla sijasoma neno natafuta tarehe na sahihi. Karatasi isiyo na tarehe haimfungi mtu.

Basi niliporudi mjini nikaitafuta Hansadi ya siku ile, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge. Nikaipata, nikachapa kurasa mbili zenye swali letu, nikazisoma nimesimama huku mteja akisubiri.

Redioni jibu lile lilikuwa na uchangamfu. Sauti ya Naibu Waziri ilikuwa ya mtu anayekujali, na ninaamini alikuwa anajali. Kwenye karatasi sauti haipo. Yamebaki maneno peke yake, na kati ya maneno hayo sikuona mwezi, sikuona mwaka wa fedha, sikuona kiasi. Mbunge aliuliza "lini" na jibu likapita pembeni yake kwa adabu kubwa kiasi kwamba sisi sita, tuliokuwa tunasubiri neno hilo moja, hatukutambua kuwa halikuja.

Nilikasirika. Kwa wiki mbili kila mteja aliyeingia dukani alisomewa kurasa zile. Dereva mmoja wa daladala ya Igoma alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Dada, na sisi barabara yetu ilijibiwa hivyo hivyo." Mwalimu mmoja akasema hivyo kuhusu maji ya mtaa wake, kule mlimani ambako unaliona ziwa lote kutoka mlangoni na ndoo bado unanunua.

Nikaanza kusoma Hansadi za siku nyingine. Barabara za Kigoma, umeme wa vijiji vya Ruvuma, maji ya Tabora. Nilisoma usiku mtoto akilala. Na taratibu hasira yangu ikaanza kuhama mahali pake, kwa sababu niliona kitu ambacho sikukitarajia.

Maswali nayo yalikuwa yanafanana.

"Je, Serikali ina mpango gani wa..." Ukimuuliza mtu ana mpango gani, atakueleza mpango. Atakuwa amekujibu kweli, na wewe utarudi nyumbani mikono mitupu. Swali la namna hiyo huandikwa mapema, hupelekwa kwa Katibu wa Bunge, wizara hupewa, wataalamu huandaa jibu, na anayesimama siku ya siku husoma. Kila mtu katika mnyororo huo anafanya kazi yake. Mbunge anasema kwa niaba ya wananchi. Naibu Waziri anasema kwa niaba ya Waziri. Niaba mbili zinakutana Dodoma, zinasalimiana, zinaachana.

Mahali palipokuwa na uhai ni kwenye maswali ya nyongeza. Hapo karatasi ya kusoma inakuwa imekwisha, na Naibu Waziri anabaki na kichwa chake. Mbunge wetu alikuwa na mawili. La kwanza liliomba pongezi zifikishwe mahali fulani, sitaki kulisema sana. La pili lilikuwa fupi: je, yuko tayari kuja mwenyewe kuliona boma? Na jibu likawa: yuko tayari, baada ya Bunge hili wataongozana.

Baada ya Bunge hili.

Katika kurasa mbili nzima hayo ndiyo maneno pekee yaliyobeba wakati. Nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

## Wapimaji wa babu

Babu yangu mzaa baba alilima pamba. Alikuwa akitusimulia jinsi wakulima wa huku Usukumani walivyoshuku mizani ya wanunuzi. Unapima nyumbani unapata uzito huu, ukifika kwa mnunuzi unapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, vijana wanaojua kusoma, wasimame kando ya mizani wakati pamba inapimwa. Kutokana na juhudi hizo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika ambavyo baadaye viliungana kuwa Victoria Federation, mojawapo ya miungano mikubwa kabisa ya ushirika barani Afrika wakati huo.

Babu hakusema kwamba wanunuzi wote walikuwa wezi. Alisema hivi tu: mizani ikiwa na mtu wetu kando, mkono wa mnunuzi unatulia.

Nilipoyakumbuka hayo nikadhani nimepata jibu la lile lililokuwa likinisumbua. Hansadi ndiyo mizani, na sisi hatujaweka mtu kando yake. Nikaona kazi yangu imepatikana: nichape, nipeleke kijijini, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji aiweke kwenye faili, na mwakani tuulize kwa kushika karatasi mkononi.

Nilifurahi na wazo hilo siku tatu.

Siku ya nne nikakumbuka kivuko cha MV Nyerere.

## Ukara

Hakuna mtu wa ziwa hili anayehitaji kusimuliwa. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi ya gulio, kivuko kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga kisiwani Ukara, na wakafa watu zaidi ya 220. Mimi wakati ule nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la mtu. Nakumbuka redio, na nakumbuka wateja waliokuwa wakiingia bila kununua kitu, wanasimama tu. Wakubwa kwetu walikuwa wakilitaja jina la MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996, kama mtu anayeshika kovu.

Baada ya ajali John Mnyika wa chama cha upinzani CHADEMA alisema wazi kwamba walikuwa wameulalamikia ubovu wa kivuko kile mara kwa mara na Serikali haikusikia. Maana yake yalikuwa yamesemwa. Yalikuwa yamepimwa kwenye mizani, na mtu wetu yuko kando, na mkono haukutulia.

Basi karatasi ina faida gani?

Hapo nilikwama kabisa. Niliacha kusoma Hansadi, nikazifungia zile kurasa mbili kwenye droo ya risiti. Mume wangu akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nimechoka na mambo ya Dodoma.

Kilichonikwamua ni safari ya Sengerema, kupeleka vitabu vya risiti kwa mteja. Basi lilipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Pembeni yangu mzee mmoja alikuwa amegandisha uso kwenye kioo. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba alimpoteza mdogo wake hapo chini, ndani ya gari la wagonjwa, kwenye foleni ya kivuko. Kisha akasema, "Waliuliza. Waliuliza mpaka tukachoka kusikia. Sasa ona."

Daraja limejengwa. "Lini" ya Kigongo ilipata tarehe yake. Siwezi kusema maswali ni kazi bure wakati nimepita juu yake nikiwa nimekaa kwenye kiti, basi halijasimama hata mara moja.

Kwa nini hilo likajibiwa? Nililiwaza mpaka Sengerema, na wakati wa kurudi.

## Mafuta ya usiku

Mwishoni mwa Juni nilikwenda tena kijijini. Kurasa nilizitoa kwenye droo, nikamsomea shangazi neno kwa neno, naye amekaa mkekani akichambua mchele. Hakunikatiza. Nilipomaliza, nikamwonyesha ule mstari mwekundu.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, mimi sikuwatuma wakaulize boma."

Nilishangaa. Boma si alilibebea mchanga yeye?

"Nililibeba. Nalitaka. Lakini hata likiezekwa leo, muuguzi yuko mmoja. Watamkata katikati?" Akaweka ungo chini. "Mimi ningepewa hiyo nafasi ya kuuliza, ningeuliza mafuta ya usiku analipa nani."

Kisha akanisimulia lile ambalo nililisikia juu juu tu wakati lilipotokea. Vuli iliyopita, mkamwana wa jirani alishikwa na uchungu saa sita usiku. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa nyumbani na mitumbwi ilikuwepo. Hiyo ilikuwa bahati. Injini ikapatikana. Petroli haikuwepo, kwa sababu hakuna anayenunua petroli wakati haendi ziwani. Mwenye duka la petroli ya chupa aliamshwa, akataka fedha taslimu, na sioni vibaya kwake maana ana watoto. Mume wa yule binti alikuwa kambini kisiwani. Shangazi akatoa magunia mawili ya dagaa wakavu, akampa mwenye duka yakae rehani kwa bei ya usiku, ambayo ni nusu ya bei ya mchana.

Wakavuka. Upepo ulikuwa wa kusini. Shangazi alishika miguu ya binti, mwanamke mwingine akashika kichwa, na tochi ya simu akaishika kijana wa injini kwa meno ili mikono yake ibaki kwenye usukani. Muuguzi aliona mwanga unakuja, akashuka mpaka majini na blanketi.

Mtoto ni wa kike. Anatambaa sasa.

Deni la yale magunia lilichukua miezi mitatu. Baba wa mtoto alilipa nusu, nusu ikamwangukia shangazi, na hakuna aliyemlazimisha. "Ningemdai nani?" akaniuliza. "Halmashauri? Ningewaambia nini, kwamba nimeuza dagaa wangu mwenyewe?"

Tangu siku hiyo wale wanawake sita wa chanja wana dumu. Lita tano za petroli, wamechangishana, linakaa chini ya kitanda cha shangazi, anapolala yeye na wajukuu wawili na kibatari. Nilipoliona moyo ulinipasuka. Nikamwambia hatari yake. Akasema anaijua, na wakiliweka nje wataiba.

Petroli chini ya kitanda cha bibi wa miaka sitini na nane. Ndilo gari la wagonjwa la kijiji chetu.

## Nilivyojaribu kuliandika

Nilirudi dukani nikakaa mbele ya kompyuta niliandike vizuri, nilipeleke ofisi ya mbunge. Swali la Bunge lazima liwe na mwenyewe. Unaandika: kwa Waziri wa... halafu unajaza.

Nikajaza Afya. Lakini zahanati ya kijiji iko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nikafuta, nikaandika TAMISEMI. Lakini hapa zahanati siyo tatizo. Zahanati ipo, muuguzi yupo, blanketi lipo. Tatizo ni nusu saa ya maji iliyo katikati. Usafiri wa majini? Meli na usalama wa vyombo vya majini viko Uchukuzi, vivuko viko Ujenzi, na mtumbwi wa kijana yule si meli wala kivuko, ni chombo cha uvuvi chenye leseni ya Uvuvi. Na petroli ni Nishati.

Nilifuta mara tano.

Nikaifungua Katiba, Ibara ya 63. Pale Bunge limepewa uwezo wa kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma ambayo yako katika wajibu wake. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi tangu Mei na kila mara nilisimama kwenye maneno "swali lolote". Usiku ule nikasimama kwenye maneno ya mwisho. Katika wajibu wake.

Mafuta ya usiku hayamo katika wajibu wa yeyote.

Hapo ndipo niliposhika kile kilichokuwa kikinikwepa tangu kwenye basi la Sengerema. Daraja lina wizara. Lina mkandarasi, lina mchoro, lina jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa. Boma nalo lina wizara, lina kifungu chake cha fedha, linahesabika: haya yamekamilika, haya bado. Swali linalokwenda Dodoma na kurudi na kitu ni lile ambalo huko linakuta meza yake tayari. Na wabunge wetu, hata wale wazuri, wamejifunza kuuliza yenye meza. Hivyo tukaulizia boma, kwa sababu boma linaulizika.

Lile ambalo shangazi analitaka linaangukia kwenye nyufa zilizo kati ya meza na meza. Nani asimame kwa niaba ya ufa?

Nilijitilia shaka pia, lazima niseme. Labda hili si la Serikali. Labda lita tano za petroli ni jambo la majirani, la kamati ya mwalo, la ujamaa wa kawaida, na mimi nataka Waziri aletwe mpaka chini ya kitanda. Niliwaza hivyo siku nzima. Lakini mjamzito wa Nyegezi akishikwa na uchungu usiku, kuna barabara ya umma chini ya bajaji yake, na hakuna anayemwambia kwamba barabara ni jambo la majirani. Barabara ya shangazi ni maji. Mafuta ndiyo lami yake.

Sijaona mahali wazo hilo linapovuja.

## Katibu wa mbunge

Ofisi ya jimbo ni chumba kimoja chenye feni na mabenchi mawili. Katibu wa mbunge ni kijana, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kupuuzwa. Hakunipuuza. Alilisoma swali langu lote, aya nne, akavua miwani.

"Dada, hili likifika litarudi. Halijulikani ni la nani."

"Ndiyo shida yenyewe," nikamwambia.

Tulikaa saa nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha nilichokuwa sikijui: usiulize mpango, uliza idadi. Tukaandika upya. Swali la msingi liende TAMISEMI: katika vijiji vya mwambao na visiwa vya mkoa wa Mwanza, ni zahanati na vituo vya afya vingapi vinavyotegemea maji kufikika, na vingapi kati yake vina chombo cha kuvusha wagonjwa? Hilo linataka namba. Namba ikitoka, hata ikiwa sifuri, imeandikwa. Kisha nyongeza, mahali ambapo hakuna karatasi: pasipo na chombo, mafuta ya mtumbwi unaobeba mgonjwa usiku yanalipwa kutoka kifungu kipi?

"Kifungu kipi" lilikuwa neno lake. Mimi ningeandika "nani analipa". Alisema "nani" inaweza kujibiwa "wananchi kwa kushirikiana na wadau".

Hakuniahidi. Alisema maswali ni mengi kuliko nafasi, kwamba mbunge ana kata nyingi na kila kata ina lake, kwamba huenda likaingia mkutano ujao na huenda lisiingie. Nilimwamini zaidi kwa sababu hakuniahidi. Wakati naondoka akaniuliza kama dumu lile lina mfuniko wa kubana. Akasema mama yake anatoka kisiwani Ukerewe.

## Jumapili iliyopita

Shangazi alitaka zile kurasa mbili. Nikampelekea nakala kwa maandishi makubwa, nimeitia nailoni, maana nyumba yake inavuja kwenye kona. Anaihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki za wajukuu. Mtendaji wa kijiji naye nilimpa nakala. Aliipokea, akasema mambo ya bungeni hayajafika ofisini kwake rasmi, akaiweka chini ya daftari la wakazi. Kwenye mkutano wa kijiji haijasomwa.

Bunge la Bajeti limekwisha ahirishwa. "Baada ya Bunge hili" ndiyo sasa.

Alinipigia Jumapili jioni, salio lake mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Kwanza alinieleza kwamba mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, ambako nako kuna boma, ameona ile karatasi yenye nailoni na anataka ya kwao. Nikasema nitaitafuta. Kisha akasema dumu limehama. Mwenye duka la petroli amekubali kulihifadhi bure kwenye banda lake, ufunguo anao shangazi, na usiku ukihitajika hadai fedha.

Halafu akaniambia kwamba Jumamosi walipanda kilimani na majembe, wale sita na mabinti zao, wakafyeka nyasi zote ndani ya boma. Walifagia vyumba. Walitoa mawe yaliyoanguka, wakayapanga mlangoni. Mgeni akija asikute pori.

Nikamuuliza kuhusu mpapai.

"Huo tumeuacha," akasema. "Siku akija na mabati tutaukata. Kwa sasa unazaa."